Kilasi ndani ya tanuri la mikate

Alhamisi ya tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano ya Nyiragongo kutapika, amri ya kuhama mji wetu wa Goma ilitangazwa asubuhi, nami nikapakia watu kumi na mmoja nyuma ya Hilux. Watu, magodoro mawili, mbabula ya makaa na mbuzi mmoja ambaye hadi leo sijui alikuwa wa nani. Barabara ya Sake ilifurika kama mto wa masika: magari, pikipiki, chukudu (zile baiskeli zetu za mbao za kusukuma) zilizobeba wazee, watoto wameshikana mikono wasipotezane. Tulikuwa tunasogea mita kumi, tunasimama dakika tano. Kutoka mjini hadi Sake ni kama kilometa 25 tu, lakini tulipofika Mugunga jua lilikuwa limeshapanda na injini yangu inachemka kimyakimya. Nasema kimyakimya kwa sababu mshale wa joto ulikuwa umekufa kabla hata sijainunua hiyo gari. Aliyenishtua ni mama mmoja aliyekaa juu ya godoro.

"Papa, gari yako inapika chai."

Nilipogeuka, moshi mweupe ulikuwa umefunika waliokuwa nyuma yetu. Injini ikaanza kutetemeka kama mgonjwa wa malaria, ikakohoa mara mbili, ikazima. Abiria wangu waliteremka bila lawama, wakaendelea kwa miguu, mbuzi akiwa mbele. Mimi nilisukuma gari pembeni juu ya mawe ya lava, nikaketi.

Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa dogo mno kwa madhara yaliyoleta. Kifuniko cha radiateri kilikuwa kimechoka. Springi yake imelegea, mpira umekauka, nami nilikuwa nimekifunga kwa ukanda wa chemba ya baiskeli nikajiona mjanja. Sasa fikiria: Goma iko mita zipatazo 1,500 juu ya bahari, na kwa urefu huo maji ya wazi yanachemka kwenye digrii 95, si 100. Kifuniko kizima chenye kubana 0.9 bar kinayazuia maji yasichemke hata yakipita digrii 110. Kifuniko changu hakikuwa kikibana chochote. Juu ya hapo, termostati, kile kizibo kinachofungulia maji njia ya radiateri yakishapata moto, ilikuwa imeng'olewa na mwenye gari wa kwanza, maana kwetu dawa ya kila injini inayochemka ni kung'oa termostati, kama vile dawa ya kila mtoto anayelia ni kumpa titi. Injini isiyo na termostati asubuhi inatembea baridi, inakula mafuta na kujichakaza, na kwenye msongamano haikusaidii kitu kwa sababu tatizo si maji kupita, tatizo ni maji kugeuka mvuke.

Juni tuliporudi mjini nilivutwa kwa kamba hadi garaji moja ya Katindo. Na hapa nieleze neno moja kabla sijaendelea. Kile kichwa cha injini kinachokaa juu ya bloku, chenye supapu na kemshafti (ule mhimili unaozifungua), sisi wa Goma tunakiita kilasi, neno tulilochukua kwa Wabelgiji. Ndugu zetu wa Mombasa na Arusha wanasema silinda hedi, na supapu zetu kwao ni valvu. Jwenti ya kilasi ni ile gasketi inayolala katikati ya kilasi na bloku. Vitu ni vilevile.

Injini yangu ni 22R ya Toyota, silinda nne, lita 2.4, ya kabureta. Bloku chuma, kilasi alumini. Fundi alifungua buji (plagi) zote nne, akapachika saa ya kompresheni, akaniambia nipige stata. Silinda ya kwanza kilo 9.8 kwa sentimita mraba. Ya pili 6.1. Ya tatu 5.9. Ya nne 9.7. Akapangusa mikono.

"Papa, kitabu cha Toyota kinasema 12. Chini ya 10, ni ya kutupa. Hata hizo nzuri zako mbili zimekufa. Tafuta injini ya Dubai."

Injini ya Dubai, yaani iliyotolewa kwenye gari lililochinjwa huko nje na kuletwa hapa ndani ya kontena, ilikuwa dola 1,100, na hakuna anayejua imetembea wapi. Nilirudi nyumbani nimeinama. Usiku nikachukua bahasha ya zamani na kalamu.

Shinikizo la hewa usawa wa bahari ni kama hektopaskali 1,013. Goma ni kama 845. Ukigawanya unapata 0.83. Saa ya kompresheni inapima hewa ambayo pistoni imeibana, na pistoni haiwezi kubana hewa ambayo haikuingia. Kwa hiyo ile 12 ya kitabu, hapa kwetu inakuwa 10. Na ile 10 ya mwisho wa uhai inakuwa 8.3 hivi. Silinda zangu za 9.8 na 9.7 hazikuwa zimekufa hata kidogo, zilikuwa karibu na upya. Kitabu hakikudanganya, ila kiliandikwa kwa ajili ya mtu anayeishi karibu na bahari.

Nadhani hili ndilo jambo ambalo hapa mjini limetupa injini nyingi jalalani kuliko vumbi la lava. Na ndilo lililonifanya niitazame upya habari nzima ya kutengeneza kilasi. Injini iliyozaliwa na nguvu za farasi kama mia moja, ikifika kwetu imeshapokonywa kumi na tano njiani kabla hujawasha. Huwezi kuwarudisha wote bila tabo (turbo), ile pampu inayosukumia injini hewa. Lakini baadhi yao unaweza, na kwa pesa ndogo, ukijua wamefichwa wapi.

Kesho yake nilirudi garaji, nikamwomba fundi amimine kijiko cha oili ndani ya silinda ya pili na ya tatu, tupime tena. Kama segma (ringi) za pistoni ndizo zinavuja, oili itaziba kidogo na mshale utapanda. Haukupanda. Silinda mbili zinazopakana, zote chini kwa kiasi kimoja, na oili haileti tofauti: hiyo ni jwenti imeungua katikati yao, au kilasi imepinda, au vyote viwili. Fundi alinitazama kama mtu anayemtazama mkwe mgumu, akasema sawa, fungua mwenyewe uone.

Nikafungua mwenyewe.

Bolti kumi za kilasi zilitoka vizuri, nikizilegeza kutoka nje kuja ndani, kidogokidogo. Kisha nikavuta. Haikutoka. Nikagonga kwa nyundo ya mpira. Haikutoka. Nikachukua bisibisi kubwa, nikaipenyeza kati ya kilasi na bloku, nikakandamiza, nikasikia *krak* ambayo sitaisahau. Nilikuwa nimechimba mfereji wa urefu wa ukucha kwenye uso wa alumini. Mtu yeyote anayeijua 22R anacheka hapa. Kuna bolti ya kumi na moja. Iko mbele kabisa, chini ya gia inayozungusha distribyuta, nayo imezama ndani ya kidimbwi cha oili nyeusi, huioni hata ukimulika tochi. Inashika kilasi na kifuniko cha cheni ya taimingi. Nilizamisha kidole kwenye oili ile, nikapapasa, nikakigusa kichwa chake. Kilikuwa pale muda wote, kimetulia. Nilinyonya oili kwa bomba la sindano, nikaifungua, na kilasi ikanyanyuka kama mfuniko wa sufuria.

Jwenti ilikuwa imeungua kati ya silinda ya pili na ya tatu, nyeusi, upana wa kidole. Nikaweka rula ya chuma juu ya uso wa kilasi, kwa urefu na kwa mshazari, na kupenyeza vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Katikati kilipita cha milimita 0.25. Toyota wanaruhusu mwisho 0.15.

Alumini inatanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Kilasi ikipata moto kupita kiasi inataka kurefuka, lakini bolti na bloku ya chuma vimeishika miguu na mikono, basi inatunga mgongo katikati. Ikipoa inabaki hivyo. Dawa ya kawaida ni kuipeleka kwa fundi wa turu, mwenye mashine ya kuchonga chuma, aikate uso uwe bapa. Wengine, kwa kukwepa gharama, wanalaza msasa juu ya kioo kinene na kusugua kilasi kwa mikono hadi jasho liishe. Kwa kilasi ya pikipiki, yenye silinda moja, sina ubaya na kioo. Nimefanya na ikashika. Kwa kilasi ndefu ya silinda nne, mikono yako inabonyeza zaidi mwanzo wa kila mvuto, na utaishia na uso unaong'aa na umepinda vilevile.

Mzee mmoja wa Birere ana mashine za kuchonga chuma ndani ya kibanda ambacho ukipita njiani utadhani kinauza makaa. Niliiweka kilasi mezani kwake. Hakuigusa na rula. Alifunga kemshafti mahali pake, akakaza vifuniko vyake, akajaribu kuizungusha kwa mkono. Ikagoma.

"Unaona, kijana wangu? Kwenye injini hii kemshafti inalala moja kwa moja kwenye alumini. Nikikukata chini, chini patanyooka. Huku juu patabaki na kibiongo. Utafunga, itawaka, na baada ya muda kemshafti itakula vitanda vyake au itakatika."

"Sasa tufanye nini, Mzee?"

"Una rafiki mwenye tanuri?"

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Kwanza tulitafuta nyufa: tulipaka kilasi mafuta ya taa, tukasubiri, tukapangusa hadi ikakauka, kisha tukanyunyiza unga wa chaki. Pakiwa na ufa, mafuta yaliyojificha ndani yanatoka na kuchora mstari kwenye chaki. Kati ya viti vya supapu, ndipo alumini inapopenda kupasuka, hapakutokea mstari. Kisha mzee akaleta pande la chuma nene kuliko kidole gumba, lililochongwa bapa. Akakata kopo la soda vipande, kila kipande kama sehemu ya kumi ya milimita, akaweka viwili viwili chini ya ncha mbili za kilasi, na kuikaza katikati kwa bolti hadi mgongo wake ukagusa chuma. Yaani tuliipinda kinyume, kidogo kupita pale ilipotakiwa kurudi.

Mwokaji wa mikate wa mtaani kwetu alikubali kwa masharti kwamba kilasi ioshwe kwa sabuni mara tatu na isiguse sinia zake. Baada ya mikate ya mwisho kutoka, tanuri likiwa kwenye digrii mia mbili na kitu, tuliingiza mzigo wetu kwa mabega mawili na kufunga mlango. Haukufunguliwa hadi asubuhi. Siri iko kwenye kupoa polepole. Ukiitoa ikiwa ya moto ukaiweka kwenye upepo, umerudi ulikotoka. Asubuhi tulilegeza bolti, mzee akaweka rula: 0.06. Kisha akarudisha kemshafti, akaizungusha kwa vidole viwili, ikazunguka kama kifuniko cha chupa. Mwokaji alitaka kujua kama mikate yake itanuka gari. Haikunuka. Niliila mwenyewe.

Gidi za supapu, vile vibomba ambamo mkia wa supapu unapanda na kushuka, nne zilikuwa zimechoka. Dalili ninayoijua: ukiteremka mlima umeachia mafuta, halafu ukakanyaga tena, wingu la bluu linatoka nyuma. Kama wingu linatoka asubuhi tu unapowasha, mara nyingi ni vile vimpira vya mkia vimekauka, na hivyo ni bei ya soda. Mzee alichonga gidi nne za shaba nyeusi. Kuzipachika, zenyewe zinatakiwa ziwe baridi na kilasi iwe ya moto, ili moja inywee na nyingine itanuke. Gidi zililala kwenye friza ya jirani yetu muuza samaki, katikati ya sambaza. Kilasi tuliichemsha ndani ya nusu ya pipa. Toyota wanataka digrii kama 90 kwa kazi hii, na maji ya Goma yanachemka 95. Kwa mara ya kwanza tangu nianze hii safari, urefu wetu ulikuwa upande wangu. Gidi ziliingia kwa pigo moja moja, zikinuka samaki.

Sasa nifike mahali ambapo, kama una dola hamsini tu za kutumia kwenye kilasi yako, uzitumie zote: viti vya supapu.

Watu wanapenda kusikia habari za kupanua njia za hewa, kung'arisha, kemshafti kali. Hawapendi kusikia habari za ukanda wa milimita moja na nusu. Lakini hewa yote inayoingia na kutoka kwenye silinda inapita hapo, katika ule upenyo kati ya supapu na kiti chake, na zaidi sana wakati supapu imefunguka kidogo tu. Kiti kikiwa kipana, kimeliwa na kuzama, hewa inajikwaa kama mtu anayeingia nyumba yenye kizingiti kirefu. Mzee alikata kila kiti kwa pembe tatu: 45 ndiyo inayoziba, 30 juu yake, 60 chini yake, ili hewa igeuke polepole badala ya kupiga kona. Ukanda wa kuziba akauacha kati ya milimita 1.2 na 1.6. Upande wa kuingiza alielekea wembamba. Upande wa moshi alikataa kwenda chini ya 1.5, kwa sababu supapu ya moshi inapoa hasa kwa kugusana na kiti. Ukiinyima kiti inaungua ukingo.

Alinipa kazi ya kusaga mwenyewe. Unapaka dawa ya kusagia kwenye uso wa supapu, unaishika kwa kijiti chenye kinyonyo cha mpira, unakisokota kati ya viganja huku na huku kama mtu anayewasha moto wa kale. Mwanzoni inatoa sauti ya mchanga chini ya kandambili. Baada ya muda sauti inalainika, inakuwa kama kitambaa juu ya kitambaa, na hapo unaacha. Kuhakiki, nilichora vistari vya penseli kukatiza kiti, nikaiweka supapu na kuizungusha robo moja. Vistari vyote vinatakiwa vikatike. Vya silinda ya tatu, viwili havikukatika. Nikarudia. Usiku wa manane, mke wangu akauliza kama kile kinachosokotwa sebuleni ni mahindi.

Njia za hewa nilizifanya kwa drili ya mkono na vijiwe vya kusagia, usiku tatu. Nilichofanya ni kidogo kuliko watu wanavyofikiria. Chini kidogo ya kiti, kwenye lile koromeo, kuna ukingo mkali ambapo mashine ya kiwandani ilikutana na alumini iliyomiminwa. Huo niliulainisha uishe. Midomo ya njia nikaifananisha na jwenti ya manifoldi (yale mabomba yanayofungwa ubavuni mwa kilasi), maana alumini ilikuwa imechungulia ndani kama milimita mbili upande mmoja. Basi. Sakafu ya njia, pale inapopinda kuingia kwenye koromeo, sikuigusa: hapo alumini ni nyembamba na nyuma yake kuna maji. Na sikung'arisha upande wa kuingiza. Kwa injini ya kabureta petroli inasafiri kama ukungu, na ukuta unaong'aa kama kioo unaigeuza kuwa matone yanayotiririka. Upande wa moshi ng'arisha unavyotaka, masizi yatakosa pa kushika.

Kuhusu kupanua, najua nitapingwa. Njia pana ni nzuri kwa mtu anayekimbiza gari kwenye mizunguko elfu sita. Mimi napandisha mizigo mlima wa Kibumba, kwenye mizunguko elfu mbili. Njia ikiwa pana, kwenye mizunguko hiyo hewa inaingia kivivu, na gari linakosa nguvu palepale unapoihitaji. Nimeona Hilux iliyochimbwa koo hadi inapitisha ngumi. Tambarare inanguruma kama simba, mlimani inaomba kusukumwa.

Ikabaki hesabu moja ambayo ndiyo ilinifanya nigombane na mzee.

Nilitaka kurudisha farasi wawili watatu kwa kubana hewa zaidi. Nilifunika kila chumba cha kuwakia kwa kipande cha plastiki ngumu chenye tundu, nikaziba kwa grisi, nikamimina mafuta ya taa kwa bomba la sindano la famasi nikihesabu mililita. Chumba kikubwa na kidogo vilitofautiana 2.4. Nilisaga ukuta wa vile vidogo hadi tofauti ikabaki nusu mililita. Silinda ya 22R ina kipenyo cha milimita 92 na pistoni inatembea 89, kwa hiyo kila moja inafagia kama mililita 592. Kwa uwiano wa 9 kwa 1, nafasi inayobaki juu ni 74. Nikikata uso wa kilasi nusu milimita, nafasi inapungua karibu 3, na uwiano unafika kama 9.3. Usawa wa bahari, kwa petroli yetu hii ya kwenye madumu, ningefikiria mara mbili kwa hofu ya injini kugonga. Kwa mita 1,500 hewa ni nyepesi, shinikizo la mwisho bado liko chini ya lile ambalo Toyota walilipanga. Niliona kama pesa iliyosahauliwa mfukoni.

"Kunyoosha tu, nakukata sehemu ya kumi," mzee alisema. "Wewe unataka tano. Leo unakata. Ikipata moto tena, kesho utakata nini?"

"Nimenunua kifuniko kipya cha radiateri, Mzee. Na termostati."

"Kifuniko kinachakaa. Alumini iliyokatwa hairudi."

Alikuwa na haki, na bado nilitaka tano. Alipima unene wa kilasi yangu akaulinganisha na nyingine mbili kwenye rundo lake la vyuma, akaona haijawahi kukatwa. Akanung'unika, akakata. Ule mfereji wa bisibisi yangu nao ulitoweka katika kukata, sikumwambia ulitoka wapi na yeye hakuuliza. Jambo moja alinionya: kilasi ikishuka, kemshafti inasogea karibu na krenki (ule mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni), kikazio kinameza ulegevu wa cheni, na supapu zinachelewa kidogo. Kwa nusu milimita ni kama digrii moja tu. Sikuisikia barabarani.

Kufunga sina mengi. Bolti zote safi na zenye oili kidogo, kutoka katikati kwenda nje, awamu tatu, mwisho niutonmita 78, kwa spana ya kupimia niliyoazima na kuiwekea simu yangu rehani. Nafasi za supapu injini ikiwa ya moto: 0.20 za kuingiza, 0.30 za moshi. Jikleri kuu ya kabureta, kile kitundu kinachopima petroli, nilibadilisha kwa namba ndogo niliyoitoa kwenye kabureta lililokufa, kwa sababu kwa hewa yetu ile ya kiwandani ilikuwa inamwaga petroli nyingi kupita haja. Buji zangu zilikuwa zikitoka nyeusi kama sufuria ya mkaa, na sasa zinatoka rangi ya chai ya maziwa. Taimingi ya cheche niliipeleka mbele digrii mbili. Na kichujio cha hewa kipya, maana vumbi hili jeusi la Nyiragongo ni msasa unaopeperuka.

Jumla, pamoja na seti ya jwenti, gidi, mzee, na mikate niliyomnunulia mwokaji kwa shukrani: dola 210 na kitu.

Ule mlima wa Kibumba, na magunia nane nyuma, nilikuwa nikiupanda kwa gia ya pili, nikisali. Sasa naupanda kwa ya tatu, narudi ya pili kwenye kona moja tu. Farasi wangapi wamerudi siwezi kuwahesabu, hakuna mashine ya kuwapima hapa mjini ninayoijua. Nilipima kompresheni pale pale Katindo: 10.2, 10.4, 10.3, 10.4. Fundi aliigongagonga saa yake, akasema bado iko chini ya 12 ya kitabu. Nikamtolea ile bahasha. Aliisoma muda mrefu, akaikunja, akaiweka mfukoni mwake, na sijarudishiwa.

Mzee alipokuja kuisikiliza injini hakusema nzuri wala mbaya. Aliniomba nizime, nifungue boneti vizuri. Akatoa patasi ndogo na nyundo, akachagua kona ya kilasi iliyo wazi upande wa manifoldi, akapangusa oili kwa kidole, akagonga tarakimu mbili na nukta: 0.5.

"Ya nini, Mzee?"

"Si ya kwako. Ni ya atakayeifungua baada yako."

Akapangusa patasi kwenye suruali, akaniuliza kama naelekea Birere, nimpe lifti.